"Ukiwashwa Ndiyo Dawa": Kisa cha Shangazi, Magoti na Upupu wa Mtongwe

Shangazi yangu ameniruhusu kukiandika kisa hiki kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisimfanye mjinga. Sharti la pili halinipi taabu. Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kichwani, na kila mara naona kuwa hakuna hatua aliyoipiga bila kufikiri. Alifikiri, alipima, alijaribu, jaribio liliposhindwa akauliza kwa nini. Akaishia miguu ndani ya beseni, akipiga mayowe.

Mimi nauza dawa katika duka moja la dawa Majengo. Yeye ana miaka 67, anaishi Mtongwe, ng'ambo ya feri, na mjukuu wake wa miaka kumi na mitatu. Anameza kidonge cha presha kila asubuhi. Magoti yanamsumbua mwaka wa nne sasa, la kulia zaidi. Akikaa kitako kwenye mkeka, kuinuka ni shughuli ya kushika ukuta na kutaja majina ya Mungu.

Jumapili moja mwishoni mwa Septemba, baada ya alasiri, alinipigia simu. "Ndoo upesi na dawa ya kuwashwa. Mimi n'nawashwa, mtoto yuwawashwa, na jirani aliyekuja kutusaidia naye yuwawashwa." Nikachukua vidonge vya setirizini, chupa ya kalamini na mafuta ya haidrokotisoni, nikashika njia ya Likoni. Feri ya Jumapili jioni kila mtu wa Mombasa anaijua, sina haja ya kuieleza.

Nilimkuta sebuleni, miguu ndani ya maji, anajikuna magoti kwa mikono miwili. Mjukuu yuko kizingitini, jicho moja amelifumba na machozi yanamtiririka. Jirani amesimama mlango wa jikoni anajikwaruza mikono hadi viwikoni. Pangaboi linazunguka juu kwa nguvu zake zote. Sakafuni, juu ya gazeti, kuna maganda saba au manane yaliyopinda kama herufi S, marefu kama kidole, yamefunikwa manyoya ya rangi ya dhahabu iliyochakaa. Sikuhitaji kuuliza. Mtoto wa Pwani anayajua manyoya hayo tangu shule ya msingi, maana kila darasa lilikuwa na mmoja wa kuyamwaga kwenye dawati la mwenzake. Na mtu asiyetulia mahali huulizwa kama amemwagiwa upupu.

Hapo nikafanya makosa mawili ambayo mtu wa kazi yangu hakupaswa kuyafanya. Kwanza nilimpa kila mmoja kidonge cha setirizini nikakaa kungoja. Pili nilichukua taulo nikamfuta Shangazi magoti, tena kwa kusugua, kama anayekausha sufuria. Baada ya dakika chache eneo la kuwashwa lilikuwa limeshuka hadi kwenye miundi, na vifundo vya mikono yangu mwenyewe vimeanza kunichoma. Nusu saa ikapita. Vidonge havikuonyesha dalili ya kufanya kazi.

Aliyetuokoa ni yule jirani. Alikuwa amekanda unga wa chapati kwake kabla ya kuitwa. Akaenda, akarudi na donge, akalibingirisha juu ya goti la Shangazi taratibu, bila kusugua, akilikandamiza na kulinyanyua. Donge likatoka na vinyweleo vimejipanga juu yake kama vumbi la mbao. Nikamtuma mtoto wa jirani dukani akalete selotepu pana ile ya kufungia maboksi, tukaendelea nayo: bandika, ng'oa, tupa, chukua kipande kipya. Pangaboi likazimwa. Leso na mto zikafungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Maji ya beseni, ambayo kwa saa nzima yalikuwa yanamrudishia vinyweleo vilevile, yakamwagwa, na Shangazi akaoshwa kwa sabuni chini ya maji yanayotiririka. Mpaka isha alikuwa ametulia kiasi cha kunilaumu kwa kuchelewa.

Jicho la mtoto lilinitia hofu kuliko magoti. Tulilimwagia maji safi kwa robo saa bila kumruhusu alifikiche, na asubuhi alipelekwa hospitali. Walilichunguza kwa taa, wakatoa kinyweleo kimoja chini ya kope la juu, wakampa dawa ya matone. Alipona. Ila kinyweleo cha upupu kikifikichwa jichoni kinaweza kuchubua kioo cha jicho, kwa hiyo yeyote aliyepatwa asingoje asubuhi kama sisi tulivyongoja.

Hiyo ndiyo ajali yenyewe. Swali lililonikalisha macho usiku ule ni jingine: mwanamke aliyezaliwa Pwani, anayeujua upupu tangu utoto wake, alijipakaje upupu kwa hiari yake?

Sauti ya dakika sita

Alinisikilizisha. Ulikuwa ujumbe wa sauti ulioletwa katika kundi la WhatsApp la akina mama wa mtaa, umesambazwa mara nyingi kiasi kwamba hakuna ajuaye ulikotoka. Mwanamume mwenye sauti ya upole anaeleza dawa ya magoti. Anasema kuna mmea wa porini unaowasha, Wazungu wameutumia karne nyingi, kwa Kiswahili unaitwa upupu. Chukua majani yake mabichi, jichape nayo gotini mpaka pawe pekundu. Usiogope: ukiwashwa ndiyo dawa inafanya kazi. Kisha tengeneza chai yake unywe asubuhi na jioni.

Shangazi akamtuma mjukuu. Nyuma ya nyumba kuna ua wa zamani ulioporomoka, na tangu masika upupu umeutambaa wote. Kijana akaleta majani. Majani ya upupu hukaa matatu matatu kama ya kunde, na ukilishika lile jani lenyewe huwa halikufanyi kitu cha maana. Shangazi akajichapa. Kimya. Akajichapa tena. Kimya.

Sasa tazama alivyofikiri. Ujumbe umesema dalili ya dawa ni kuwashwa. Yeye hakuwashwa. Kwa hiyo ama huu si upupu, ama ametumia sehemu isiyo yake. Kwamba huu ni upupu hana shaka nalo, anaujua. Basi ni sehemu. Na kila mtoto wa Pwani anajua upupu unawasha wapi. Akamwambia mjukuu: "Nenda kaniletee maganda."

Nikimsikiliza akinieleza hayo sikupata pa kumkatiza. Ukikubali mambo mawili ya mwanzo, yaliyobaki yanafuatana sawasawa: kwamba jina ni mmea, na kwamba mwasho ni ushahidi wa tiba. Yote mawili hayakuwa kweli, na yote mawili hakuyabuni yeye.

Tuanze na jina. Mmea aliokuwa akiueleza yule bwana si upupu wetu hata kidogo. Ni jamii ya Urtica, nettle kwa Kiingereza, mimea ya nchi za baridi, majani yake yana meno meno kama msumeno na vinyweleo juu ya jani lenyewe na juu ya shina. Kenya tunao, jina lake la kitaalamu Urtica massaica, lakini uko milimani: Mlima Kenya, Aberdare, Kinangop. Unaweza kufika urefu wa mita mbili. Mombasa hauoti porini, na kwa kuwa hauoti, Kiswahili cha Mvita hakikuwa na haja ya kuupa jina. Mtu akitafsiri habari zake kutoka Kiingereza hutafuta neno la mmea unaowasha, hukutana na upupu, huliweka. Upupu wetu ni Mucuna pruriens, jamii ya maharagwe, mtambao wa nchi za joto, maua yake ya zambarau iliyoiva yananing'inia kama zabibu. Si ndugu, si majirani. Kinachoyakutanisha majani ya mmoja na maganda ya mwingine ni kwamba binadamu akiyagusa hujikuna.

Hata kujikuna kwenyewe si kumoja. Hapa ndipo setirizini yangu iliponiaibisha.

Miwasho miwili

Kinyweleo cha Urtica ni sindano hasa. Ncha yake ni ya silika, madini yaleyale ya mchanga, ngumu na nyepesi kuvunjika kama kioo. Ukiigusa inakatika kwa mshazari, inapenya ngozi, na kilichomo ndani kinasukumwa: kemikali kama histamini, asetilikolini, serotonini na nyinginezo. Ndiyo maana ngozi huvimba na kuwa na mabaka mekundu, na ndiyo maana dawa za mzio, ambazo kazi yake ni kuizuia histamini, zina mantiki angalau ya kujaribiwa.

Kinyweleo cha upupu hakifanyi kazi hivyo. Mwaka 1955 daktari wa ngozi Walter Shelley na mwenzake walionyesha kuwa kiwashacho ndani yake ni kimeng'enya cha kumeng'enya protini, wakakiita mucunain. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walikichunguza upya wakaona kuwa kinagusa vipokezi vingine kabisa katika neva za ngozi, si vile vya histamini. Upupu umekuwa chombo cha maabara kwa sababu hiyo hasa: wanasayansi wakitaka kuchunguza mwasho usiotokana na histamini, huutumia huo. Na mimi, niliyesomea kazi hii, nilivuka feri nikitegemea setirizini, dawa ya kuzuia histamini.

Tiba ya upupu basi huanza kwa kuondoa, si kwa kuzuia. Kila kinyweleo kilichobaki juu ya ngozi kinangoja kusuguliwa kipenye zaidi. Ndiyo maana donge la chapati lilifanya kazi kuliko vidonge vyangu, na ndiyo maana taulo, beseni na pangaboi vilikuwa maadui watatu ndani ya chumba kimoja. Nimewahi kusoma kisa cha mwaka 1985 huko New Jersey, Marekani, ambapo maganda ya upupu yaliwawasha waliokuwa nayo chumbani na kisha waliokuja kuwasaidia. Niliposoma nilicheka. Mtongwe sikucheka.

Hapa ningependa wazee wasinielewe vibaya. Sisemi kwamba manyoya hayo hayajawahi kuwa dawa. Zamani, huko visiwa vya Karibi na Uingereza, yalichanganywa na asali au sharubati nzito watu wakayameza kufukuza minyoo. Yalikuwa yamezamishwa ndani ya kitu kinachonata, hayapeperuki. Dawa kavu juu ya gazeti chini ya pangaboi ni habari nyingine.

Kilichokuwa juu ya ungo

Nilipokuwa nakusanya maganda kwa koleo la jikoni niliona ungo dirishani. Ndani yake mbegu, nyeusi zenye madoa, zinang'aa. Shangazi alikuwa ameshazitoa kwenye maganda mengine kwa kisu, amezianika. Za nini? Za chai. Ujumbe ulisema majani, lakini kwa kuwa majani yalishaonekana hayana nguvu, aliona nguvu lazima iwe kwenye mbegu.

Kuhusu nguvu alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Mwaka 1937 wanasayansi wawili wa India, Damodaran na Ramaswamy, waliipata levodopa katika mbegu hizi. Levodopa ndiyo dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa viungo, na waganga wa India waliitumia mbegu hiyo tangu kale. Mwaka 2004 madaktari wa London waliwapa unga wake wagonjwa wanane wa Parkinson na kuulinganisha na vidonge vya kawaida. Unga ulifanya kazi, tena ulianza mapema zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia upupu ni dawa, hakudanganyi. Ni dawa ya ugonjwa ambao Shangazi hana.

Mbegu kavu huwa na levodopa kama asilimia 3 hadi 6. Gramu kumi zinaweza kubeba miligramu 300 hadi 600. Kidonge kimoja cha hospitali huwa na miligramu 100 au 250, na ndani yake kimetiwa karbidopa ili dawa isigeuke kabla ya kufika kwenye ubongo. Chai ya Shangazi isingekuwa na karbidopa. Sehemu kubwa ingegeuka mwilini: kichefuchefu, kutapika, na presha kushuka anaposimama. Juu ya kidonge chake cha presha cha asubuhi. Mtu wa miaka 67 mwenye magoti mabovu akishikwa na kizunguzungu akiinuka kitandani, anayeanguka si mmea.

Kuna jambo jingine, na hili ni la jirani zetu. Mwaka 1989, wakati wa vita na ukame huko Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 200 walichanganyikiwa akili kwa muda baada ya kula mbegu za upupu. Watu wa huko walijua kuzila: unazichemsha, unamwaga maji, unarudia. Mwaka ule njaa ilikuwepo na maji hayakuwepo, nayo hayakumwagwa. Ujuzi wao wote ulikuwa katika yale maji ya kumwaga. Chai, kwa upande wake, ni yale maji yenyewe.

Nilimweleza Shangazi hayo yote. Akanisikiliza, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa mbona hukuniambia dawa ya magoti wewe, mwenye duka?"

Nilikaa kimya, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na halikuwa zuri. Nilishamwambia, mara nyingi: punguza uzito. Kila akinitajia magoti, nilimjibu uzito. Kliniki aliyokwenda walimwambia ni umri, wakampa vidonge vya maumivu vya wiki mbili, ambavyo ni vya jamii ile inayopandisha presha, wala hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine. Gegedu zinaposagika hazirudi, hiyo ni kweli. Lakini kati ya "uzito" na "umri" hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekaa naye dakika sita. Yule bwana wa kwenye simu alikaa naye dakika sita.

Mmea wenyewe

Wiki iliyofuata mke wa binamu yangu, mzaliwa wa Nyeri, alikuja kumjulia hali. Shangazi akamsikilizisha ile sauti, nadhani kwa kutaka mtu wa kumtetea. Haikufika hata nusu. "Mama, hii si ni thabai!" akasema. "Kwetu tunaila. Tunaitia kwenye mukimo." Shangazi akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba watu hula kokoto.

Ni kweli. Thabai, ndiyo ile Urtica ya milimani, ikichemshwa au ikikauka haiwashi tena, maana sindano zinalegea na kumwaga vilivyomo. Ina madini na vitamini, na unga wake siku hizi unauzwa mpaka huku Mombasa na wenye maduka ya dawa za asili.

Na lile la kujichapa? Halikuwa uzushi mtupu. Mwaka 2000 madaktari wa Plymouth, Uingereza, walichapisha jaribio la watu 27 wenye maumivu kwenye kitako cha kidole gumba. Walijigusa kwa jani linalowasha kila siku kwa wiki moja, na wiki nyingine kwa jani la mmea unaofanana nao usiowasha. Maumivu yalipungua zaidi kwa lile linalowasha. Mimi naliheshimu jaribio hilo, ila naliona dogo, tena lilihusu kidole gumba, si goti linalobeba mtu mzima kupanda ngazi. Na hakuna namna ya kumficha mtu jani lipi limemchoma. Anayetarajia kwamba kuchomwa ndiko kupona atapona kidogo kwa kutarajia tu. Yule bwana wa dakika sita alilichukua jaribio la kidole akaliweka gotini, akaongeza chai, akabandika jina la Pwani.

Mke wa binamu alirudi safari nyingine na fungu la thabai, limefungwa ndani ya mifuko miwili, na glavu za mpira. Nilimuuliza Shangazi kwanza kama kuna dawa ya kuzuia damu kuganda aliyowahi kuandikiwa, kwa sababu majani hayo yana vitamini K nyingi inayoipinga warfarini, mojawapo ya dawa hizo. Hakuna. Basi, nikasema, kama mboga sina neno. Kujichapa nalo sikumruhusu, wala sikuhitaji kumkataza. Aliliangalia fungu kwa mbali mpaka lilipoingia kwenye maji ya moto.

Alilipika kwa tui la nazi na kitunguu, kama mchicha. Tulikula na wali. Siku hizi anapaka mafuta ya diklofenaki gotini badala ya vidonge, na kila asubuhi anakaa kitini anainyoosha miguu mmoja mmoja, hesabu ya kumi, mazoezi aliyofundishwa na mtaalamu wa viungo niliyempeleka mwenyewe, nikiwa nimechelewa miaka minne. Anasema yanasaidia kidogo. Kushuka ngazi bado anashuka kiubavu.

Upupu ulioko uani tuliukata Aprili, baada ya mvua za kwanza, ungali kijani na haujatoa maganda. Mjukuu alitaka kuuchoma, nikamkataza. Mbegu za kwenye ungo nilizichukua. Nilipozihesabu zilikuwa arobaini na moja, na Shangazi anasema zilikuwa arobaini na sita.